Ule ubao wa hapo nje: niliyoyasema kwenye kikao cha kata, Dodoma

Nimeahidi kuyaandika haya, ya siri na uwazi kwenye taarifa za watoto, kwa sababu siku ile kipaza sauti kilikuwa kinakatakata na waliokaa nyuma karibu na madirisha walipata nusunusu. Nimeyaacha kama nilivyoyasema, sikutaka kuyapiga pasi.

Mbukwenyi! (Ndo salamu yetu ya Kigogo.) Mmh, mmeitikia kama watu wa foleni ya benki. Mbukwenyi! Haya sasa, hapo nimejua niko Dodoma.

Mheshimiwa diwani, mtendaji wetu, wenyeviti wa mitaa, walimu wangu, dada zangu wa dawati la jinsia na watoto la polisi na wa ustawi wa jamii, na nyie wazee wangu mliowahi viti vya karibu na feni, shikamooni. Mi sio mwanasheria, hilo lieleweke mapema mtu asije akanikamata na vifungu. Mi nilikuwa karani wa masijala mahakamani, miaka ishirini na kitu, kazi yangu kupokea jalada, kulipatia namba, kulirudisha rafuni na siku mtu akija kuliulizia nijue lilipo. Basi.

Sasa leo nimefika hapa saa mbili na robo, ukumbi umefungwa, nikasogea kwenye kivuli cha ule mwarobaini nikaanza kusoma ubao wa matangazo, kwa sababu mtu wa masijala hata astaafu vipi akiona karatasi imebandikwa lazima aisome. Nikakuta orodha ya watoto waliopewa sare na madaftari. Majina matatu, umri, jinsi, shule, mtaa, jina la mlezi, namba ya simu ya mlezi, halafu safu ya mwisho imeandikwa "maelezo". Kwenye maelezo huyu yatima, huyu anaishi na bibi, huyu "mama mgonjwa", na sisi wote humu tunajua mtu akiandika mama mgonjwa hivyo bila kuutaja ugonjwa watu wanaelewa nini. Yaani kwa dakika kumi tu nimesimama pale nikawa namjua mtoto wa kike wa miaka 11, anasoma wapi, analala wapi, analelewa na bibi asiyeona vizuri, na namba ya kupiga ninayo. Kama mi ningekuwa mtu mbaya kazi yangu ilikuwa imeisha pale pale na hata nauli ya boda sijatoa.

Mtendaji usiangalie chini, sikusemi wewe. Nimeuliza nikaambiwa ile orodha ilibandikwa kwa nia safi kabisa, maana huko nyuma watu walilalamika sare zinaishia kwa watoto wa wakubwa, wakataka uwazi, na uwazi ni haki yao. Ndo shida yenyewe hiyo. Tukificha, vitu vinaliwa. Tukibandika, mtoto anaanikwa kama ubuyu sokoni Majengo.

Katiba yetu ya 1977 imeyaweka haya mawili karibu karibu kama nyumba za uswahilini. Ibara ya 16 inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na familia yake, ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yake na kwa jamii, katikati pale kuna ibara moja tu, ya 17, ya uhuru wa kwenda unakotaka. Halafu zikaja sheria za kila upande. Ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, unaandika ombi, ofisi ina siku 30 za kukujibu, ila sheria hiyo hiyo inasema taarifa inayoingilia faragha ya mtu bila sababu ya msingi inaweza kuzuiliwa. Ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na hii naomba muisikilize vizuri watu wa ofisi, imezitaja taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, na taarifa za makosa ya jinai nazo ziko kundi hilo hilo. Kwa hiyo mtoto akiwa kwenye jalada la kesi ni nyeti mara mbili. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 ndo kabisa, mtoto ni yeyote ambaye hajafika miaka 18, na hairuhusiwi kutangaza habari wala picha itakayofanya mtoto aliyeko kwenye shauri atambulike mpaka mahakama iseme sawa.

Sheria tunazo, tena nzuri. Ila sheria haishiki kopi, kopi anashika karani.

Ngoja niwaambie la kwangu, maana sipendi mtu anayekuja kuwafundisha watu wakati yeye mikono yake ina wino. Ilikuwa miaka ya mwanzo mwanzo WhatsApp inaingia huku kwetu, mahakama siitaji, wilaya siitaji. Kaja kijana mstaarabu, shati limechomekewa, anataka kopi ya hukumu ya kesi iliyokwisha, mtu kabaka mtoto kafungwa miaka 30. Hukumu imesomwa mahakamani, ni kumbukumbu ya wazi, kalipa ada, stakabadhi anayo, mi nikatoa kopi nikagonga muhuri nikamkabidhi, na nikamwambia karibu tena! Siku ya tatu ukurasa wa pili wa ile hukumu, ule wenye jina la mtoto na shule na darasa na jina la mama yake, umepigwa picha uko kwenye grupu la kijiji, na chini yake watu wanaandika mambo ambayo siwezi kuyasema mbele ya wazee. Yule kijana alikuwa shemeji wa mfungwa. Alitaka kuonyesha kwamba binti ni muongo. Yule binti alihama shule, akahama tena, mara ya pili hakurudi darasani.

Mi nilipewa onyo la mdomo tu. La mdomo. Nikarudi kwenye kiti changu na chai ikawa bado ya moto.

Toka siku hiyo nikajiwekea utaratibu wangu, hakuna aliyenituma. Nikanunua kalamu ya maka nyeusi kwa hela yangu, nikawa nafuta jina la mtoto, shule, kitongoji. Nikajiona mjanja. Siku moja hakimu akaiinua ile karatasi dirishani kwenye mwanga akaniambia hebu soma hapa, na kweli, jina linasomeka chini ya wino kama samaki kwenye maji. Kwa hiyo unafuta, halafu unatoa kopi ya ile iliyofutwa, unatoa hiyo ya pili, ile ya kwanza unaichana. Ndo ujanja wenyewe, na nyie wa kompyuta msicheke, maana nimeona watu wanachora kiboksi cheusi juu ya maandishi wanatuma faili, mtoto wa kidato cha pili anaburuta mausi anakopi maneno yote yaliyokuwa chini ya kiboksi.

Na siku hizi hukumu zipo TanzLII, ile tovuti ya sheria na hukumu za nchi yetu, mtu yuko zake Chemba na bando la mia tano anasoma hukumu ya Mahakama ya Rufani bure, na mi naliunga mkono hilo kwa mikono miwili kwa sababu zamani ukitaka kujua majaji wameamua nini mpaka umjue mtu. Majaji wa Rufani wenyewe mara nyingi mtoto hawamtaji, wanamwita "mwathirika" au PW1, shahidi wa kwanza. Na ushahidi wa kesi za makosa ya kujamiiana unasikilizwa faragha, haupelekwi gazetini. Ila huku kwetu kijiji kina nyumba sitini, ukiandika jina la kitongoji, darasa, na kazi ya baba, umebakiza nini? Umemtaja. Jina linakuwa ndo kitu pekee ambacho hukukiandika.

Sasa nigeuke upande wa pili maana naona baba pale kakunja mikono, anajiuliza huyu mama anataka kila kitu kifungwe kabatini. Hapana baba yangu. Nimeona siri inavyofanya kazi. Nimeona mambo ya mtoto yanaitwa "ya kifamilia", wanakaa wazee, mbuzi wawili, kreti ya soda, mtuhumiwa anaomba msamaha, yameisha, na mwaka unaofuata ni mtoto mwingine. Nimesikia mwalimu ana shutuma huku anahamishiwa kule kimya kimya, na kule hakuna aliyeambiwa kwa sababu eti "tunalinda heshima ya mtoto". Heshima ya mtoto gani? Hapo aliyelindwa ana ndevu. Mkisikia mtu mzima anaing'ang'ania sana faragha ya mtoto, muulize kwanza yeye anapata nini.

Na mji umebadilika. Sensa ya 2012 mkoa wetu ulikuwa na watu milioni 2 na kidogo, ya 2022 ni milioni 3 na kidogo. Serikali imehamia, nyumba za kupanga zimejaa, treni ya umeme toka 2024 mtu anatoka Dar asubuhi mchana yuko hapa anatafuta chumba na anaomba kufundisha tuisheni watoto wa mtaa. Zamani mtu akija kijijini tunamjua mpaka babu yake. Sasa hivi Ilazo au Kisasa jirani humjui hata jina. Mzazi akisema nataka kujua huyu mtu alishafungwa kwa kosa gani, hana umbea, ana watoto.

Wenzetu Marekani walifika mbali kwenye hili. 1994 kule New Jersey mtoto wa miaka 7 aliuawa na jirani wa ng'ambo ya barabara aliyekuwa ameshawahi kufungwa kwa makosa ya kingono dhidi ya watoto na mtaa mzima ulikuwa haujui, wazazi wakasema tungejua tungemlinda, na ukiwa mzazi hilo huwezi kulijibu. 1996 ikawa sheria ya nchi nzima, na leo mtu anafungua intaneti anaona nani kwenye mtaa wake yuko kwenye rejista ya wakosaji wa kingono, picha na anwani. Lakini hiyo hiyo rejista, kwenye baadhi ya majimbo, imewabeba mpaka watu waliokosea wakiwa wenyewe ni watoto, wa miaka 14 wamo. Uingereza wakaenda njia nyingine, walianza majaribio 2008, mzazi anakwenda polisi anauliza kuhusu mtu fulani anayekaa karibu na mwanae, polisi wakiona kuna hatari wanamwambia yule anayeweza kumlinda mtoto, na anaambiwa hiyo ni kwa ajili ya kumlinda mtoto wako, usiende nayo kijiweni. Mi hiyo ya Uingereza ndo imenikaa. Unauliza kwa sababu una mtoto, unajibiwa kwa sababu una mtoto.

Kuna la Afrika Kusini nalipenda kulisimulia. Mtoto mchanga aliibiwa hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, 1997, siku chache toka azaliwe. Akalelewa na mwanamke aliyemuiba, na 2015 ndo ikagundulika, binti ana miaka 17, anasoma shule moja na mdogo wake wa damu bila kujua! Magazeti yakawa yanasubiri tu atimize 18 yamtaje jina, maana sheria yao ilimlinda mtoto, na akifika 18 si mtoto tena. Fikiria, hepi bethdei yako ndo siku ya kuanikwa. Kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Katiba, Desemba 2019 wakasema hapana, ulinzi wa mtoto mwathirika hauishi siku anapotimiza miaka 18. Na mahakama hiyo hiyo 2014 ilikuwa imeshasema mtoto aliyetenda kosa asiingizwe kwenye rejista ya wakosaji wa kingono moja kwa moja kama unavyogonga muhuri, lazima aangaliwe yeye kama yeye.

Hapo ndo pagumu, mtoto aliyekosea. Mama mmoja pale mlangoni kabla hatujaanza ameniuliza, sasa na kama mtoto mwenyewe ndo hatari? Swali zuri na sina jibu la kukufanya ulale, mama. Sheria yetu inasema chini ya miaka 10 hana jinai, kati ya 10 na 12 mpaka ithibitike alijua anachofanya ni kibaya, na mtoto hafungwi jela. Ina maana atabaki nasi, atakaa darasani na mwanao. Ninachoamini ni hiki, kuna watu lazima wajue, mkuu wa shule ajue, afisa ustawi ajue, dawati lijue, na wawe na mpango wa maandishi nani anamwangalia na mpaka lini. Mtaa mzima ukijua, mpango hauna kazi tena kwa sababu ataondoka, ataenda mahali ambapo hakuna anayejua kitu kabisa, na hapo ndo hatari inapoanza upya ila kwa watoto wa watu wengine. Ukiniambia hiyo haitoshi ntakuelewa.

Lakini wengi wao hawako hivyo jamani. Wengi ni wa kuiba betri ya pikipiki na kuku. Na hapa nawageukia wenyeviti wa mitaa, wazee wangu, hizi barua za utambulisho. Kijana ana miaka 22, anaomba kazi ya ulinzi, anakuja kwako umsainie, na wewe kwa uaminifu wako unaandika "namfahamu, aliwahi kuwa na kesi ya wizi". Alikuwa na miaka 14! Hakimu alishamaliza, mwenye kuku alishamaliza, kuku mwenyewe alishaliwa, ni wewe tu na kalamu yako ndo hujamaliza. Ile barua kazi yake ni kusema huyu anaishi hapa. Kama mwajiri anataka rekodi ya makosa kuna polisi, aende huko, wana utaratibu wao na alama za vidole.

Na walimu, ile safu ya sababu kwenye barua za uhamisho na rejista. Toka Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule. Anarudi, anabadilisha shule aanze upya, anafika na barua imeandikwa "mimba" kwa kalamu nyekundu. Mwalimu mpya anaipokea, anaiweka mezani, anaenda kufundisha, viranja wanaingia kuleta madaftari. Nimemaliza, mnajua kinachofuata.

Kuhusu watu wazima waliotiwa hatiani, mi msimamo wangu ni majina yao yawe wazi, hukumu imetoka hadharani, atajwe. Isipokuwa pale mkosaji anapokuwa ni baba, au mjomba, au kaka wa yule mtoto, maana ukisema baba mzazi wa fulani amefungwa kwa kosa la maharimu, la kumwingilia ndugu wa damu, umemvua nguo binti, baba hata hayupo yuko jela anakula ugali. Hapo jina liende ofisi kwa ofisi, kwa wanaohusika na usalama wa watoto wengine, huku mtaani itoshe kujua kwamba kesi ilifunguliwa, imesikilizwa, mtu amefungwa miaka mingapi. Watu wakiona dola imefanya kazi wanatulia. Kinachowatia watu wazimu ni kimya.

Kwa hiyo ile orodha ya hapo nje. Mi siombi ifutwe. Naomba ubandike kwamba mtaa huu watoto 9 wamepata, mtaa ule 12, sare pisi ngapi, madaftari mangapi, zimenunuliwa shilingi ngapi na kwa nani, na namba ya simu ya kulalamikia. Hapo mla sare hana pa kujificha, kwa sababu wizi unaonekana kwenye hesabu, haujawahi kuonekana kwenye jina la mtoto. Orodha yenye majina ikae ndani, kamati ya MTAKUWWA ya kata, ile ya kupinga ukatili kwa wanawake na watoto, iipitie yote na isaini, na mlezi akija anaonyeshwa mstari wake, mstari wake tu, weka rula juu na rula chini. Na namba ya kubandika kwa herufi kubwa kuliko zote pale ni 116, simu ya huduma kwa mtoto, haitozwi.

Naona chai imefika na yule mama anapigana na mfuniko wa chupa. Mtendaji twende wote nje.

(Naongeza hapa kilichotokea baada ya hapo.) Tulitoka kweli, watu kama kumi na tano nyuma yetu na vikombe mkononi. Karatasi ilikuwa na pini nne, tatu zikatoka, ya nne imeshika kutu, mtendaji akaing'oa kwa ufunguo wa pikipiki na kona ya karatasi ikabaki ubaoni na nusu ya muhuri. Bibi mmoja akauliza kwa sauti, sasa mi ntajuaje kama mjukuu wangu yumo? Akaambiwa aje dirishani na kitambulisho ataonyeshwa. Bibi akasema kitambulisho kiko nyumbani Nala, na yeye nauli ya kwenda na kurudi hana. Watu wakacheka, mi sikucheka. Mwenyekiti wa mtaa wake akaweka kikombe chini akasema huyu namfahamu toka nikiwa mtoto, mfungulieni daftari.

Wakaingia watatu. Rula ikakosekana, wakatumia ukingo wa bahasha.